Jiko la biogesi likizima, usimlipe fundi kabla hujaona povu

Huku kwetu Njombe mwezi huu wa saba maji ya asubuhi yanauma mikono, na kila baridi inapoingia simu yangu hujaa malalamiko ya aina moja: "Bwana mifugo, jiko la gesi linazima." Leo nataka tuzungumze hilo. Nina maoni yangu juu yake, na naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja katika kata ninayohudumia ana ng'ombe wawili wa maziwa na mtambo wa biogesi wa kuba, ule unaojengwa chini ya ardhi. Ni mimi niliyemshawishi ajenge. Mwaka jana wakati kama huu alinipigia jioni. Hata salamu alizikatisha: "Bwana mifugo, jiko lako limekufa." Akaeleza kuwa moto unawaka, unapanda na kushuka kama mtu anayehema, halafu unazima. Ukiwasha tena, unafanya hivyo hivyo. Maharage yamebaki nusu mbichi na watoto wanasubiri.

Nilikuwa njiani kwenye pikipiki. Sikumuuliza swali hata moja. Nikamjibu haraka, "Mama, kinyesi hakitoshi. Ongeza." Naye akatii. Akatoka ndoo mbili kwa siku akaenda ndoo nne, nyingine akichota kwa jirani na kubeba kichwani. Wiki ya pili jiko bado linazima. Akaitwa fundi, akazunguka mtambo mara mbili, akasema kuba limepasuka na dawa yake ni kuvunja na kujenga upya sehemu ya juu. Alitaka laki nne. Mama alikuwa ameshapata laki mbili na nusu, na mbuzi mmoja alikuwa tayari ametafutiwa mnunuzi.

Wiki ya tatu ndipo nilipofika. Nikaenda kwanza jikoni kuangalia geji. Koki ya jiko ikiwa imefungwa, geji ilionyesha gesi ipo, tena nyingi. Nilipofungua koki, geji ikaanza kucheza juu na chini, na moto ukahema vile vile alivyoniambia kwenye simu. Tukaenda nje, tukatafuta mtego wa maji kwenye bomba. Majani yalikuwa yameufunika kabisa, hakuna aliyeufungua tangu mwaka uliotangulia. Tulipoufungua yakatoka maji, kiasi cha sufuria ndogo ya chai. Tukafunga, tukarudi jikoni, tukawasha. Moto ukatulia, wa bluu, ukawaka hadi ugali ukaiva.

Mama akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo wiki tatu nimelia moshi wa kuni kwa ajili ya hiki kisufuria cha maji?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

Mtambo uliozima si mtambo uliokufa

Maoni yangu ni haya: mitambo mingi inayotangazwa vijijini kuwa imekufa ni mizima. Iliyokufa ni desturi ya kuikagua kwa mpangilio. Jiko linapozima, kila mtu anataja ugonjwa kabla ya kumpima mgonjwa. Jirani anasema kinyesi, fundi anasema kuba, mume anasema hii biogesi ni mradi wa wafadhili haudumu, na sisi maafisa tunajibu kwenye simu tukiwa njiani. Anayelipa ni yule anayepika.

Tanzania haikuanza biogesi jana. Mpango wa Biogesi ya Majumbani uliosimamiwa na CAMARTEC ya Arusha ulianza mwaka 2009, na maelfu ya kaya zilijenga mitambo. Kuba lililojengwa vizuri hudumu miaka mingi sana. Vinavyochoka mapema ni vitu vidogo: mpira, klipu, koki, tundu la jiko. Na vitu vidogo havihitaji laki nne.

Basi jiko likizima, swali la kwanza lisiwe "nani atanitengenezea?" Liwe "gesi imekwama wapi?" Gesi husafiri kutoka bandani kwa ng'ombe, ikaingia kwenye kuba, ikapita kwenye bomba, ikafika jikoni. Vituo vinne tu. Kagua kuanzia jikoni kurudi nyuma kwenda bandani, kwa sababu huko jikoni ndiko kwenye matengenezo ya bei ndogo. Mtu hatafuti ufunguo kwa kubomoa nyumba kabla hajapapasa mfukoni.

Kabla ya yote: usalama

Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza ndani ya nyumba, usiwashe kiberiti, usiwashe wala kuzima taa, usivute sigara. Fungua milango na madirisha, toa watoto nje, kisha funga koki kuu iliyo juu ya kuba. Subiri harufu iishe.

Uvujaji hautafutwi kwa kiberiti. Hutafutwa kwa povu la sabuni. Nimewaona watu wazima na akili zao wakipitisha njiti ya moto kwenye mpira "kuona kama inashika". Siku itakaposhika, hutapata nafasi ya kusimulia.

Na hili naliandika kwa msisitizo: mtu yeyote asiingie ndani ya mtambo, hata kama umefunguliwa, hata kama unaonekana mtupu, hata kwa dakika moja kuchukua ndoo iliyodondoka. Mle ndani hewa ya kupumua inaweza isiwepo, na gesi iliyomo humwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Anayemfuata kumwokoa huanguka pia. Kazi ya ndani ni ya fundi mwenye vifaa, na mtambo uwe umepitishwa hewa kwanza.

Kituo cha kwanza: jikoni

Soma geji koki ikiwa imefungwa. Kama inaonyesha gesi ipo lakini jiko haliwaki au linazima, kuba lako halina kosa. Tatizo liko kati ya hapo na sufuria.

Angalia mpira. Je, umejikunja? Umebanwa na mguu wa meza? Umepasuka karibu na klipu? Kisha angalia tundu dogo la kupitishia gesi kwenye jiko. Uji uliomwagika, masizi na buibui hulifunga. Funga koki, ling'oe, lisafishe kwa maji ya sabuni na uzi mwembamba. Usitumie msumari, kwa sababu msumari hupanua tundu, na tundu likipanuka moto hauwi tena na kipimo.

Sasa tazama rangi. Moto mzuri wa biogesi ni wa bluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, hewa inayochanganyika na gesi ni ndogo: fungua zaidi kidirisha cha hewa cha jiko. Moto ukiruka juu ya kichomeo kwa mluzi kisha ukazima, hewa imezidi au gesi inakuja kwa nguvu kubwa: punguza koki au punguza hewa. Hilo la kuruka hutokea sana asubuhi, kuba likiwa limejaa baada ya usiku mzima. Si ugonjwa. Washa kwa koki iliyofunguliwa kidogo.

Wenye maduka, hapa nawageukia ninyi. Jiko la gesi ya mtungi si jiko la biogesi. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi, kwa hiyo tundu lake ni dogo. Ukimuuzia mfugaji jiko la mtungi na kumwambia "litafaa tu", moto utakuwa mdogo na dhaifu, utazimwa na upepo wa mlangoni, naye ataulaumu mtambo. Weka dukani mipira ya gesi, klipu na matundu ya akiba ya majiko ya biogesi. Ni vitu vya bei ndogo, ila mteja aliyevipata kwako siku jiko limezima hatakusahau.

Kituo cha pili: bomba

Moto unaohema, kupanda na kushuka, ni dalili ya maji kwenye bomba. Gesi hutoka kwenye kuba ikiwa na unyevu. Ikipita kwenye bomba lililo kwenye udongo wa baridi, unyevu hugeuka maji, na maji hukaa mahali bomba lilipoinama. Ndiyo maana simu hizi huongezeka wakati wa baridi. Fungua mtego wa maji, acha maji yatoke hadi usikie gesi, kisha funga mara moja. Pasiwe na moto wala sigara karibu. Fanya hivyo kila wiki wakati wa baridi, na walau mara moja kwa mwezi wakati wa joto. Kama maji yanarudi kila siku, bomba limelala vibaya mahali fulani na linatakiwa kufukuliwa na kuwekewa mteremko kuelekea kwenye mtego.

Kama geji iko chini, pima uvujaji kwa usiku wawili. Usiku wa kwanza, ukimaliza kupika, subiri geji ipande kidogo, kisha funga koki za jiko na koki kuu ya kwenye kuba. Andika geji inasoma ngapi. Asubuhi isome kabla ya kufungua chochote. Kushuka kidogo kwa sababu ya baridi ya usiku ni kawaida. Ikianguka hadi karibu na sifuri, bomba linavuja. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kila koki na pande zote za mpira. Panapotoka mapovu ndipo penye tatizo.

Usiku wa pili, kama bomba limeonekana zima, acha koki kuu wazi na ufunge jiko tu. Asubuhi geji iwe imepanda, kwa kuwa kuba limefanya kazi usiku kucha. Isipopanda, nenda kituo cha tatu.

Kituo cha tatu: kuba

Nenda kwenye chumba cha kutolea, pale tope linapotokea. Gesi ikiwa nyingi, husukuma tope, nalo hupanda kwenye chumba hicho hadi karibu na mdomo wa kutokea. Gesi ikiwa kidogo, tope hushuka. Mtu asiye na geji kabisa anaweza kusoma mtambo wake hapo.

Kama mtambo wako una mfuniko uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi na kufunikwa kwa maji, angalia yale maji. Yamekauka? Udongo umepasuka na gesi inatoka. Yanatoa mapovu yasiyokoma? Gesi inatoka. Kuziba upya mfuniko ni kazi ya fundi, lakini ni kazi ndogo, haifanani na kuvunja kuba.

Hapa ndipo ninapotoa ushauri ulio kwenye kichwa cha habari. Fundi akikwambia kuba limepasuka, mwambie kwa heshima, "Fundi, nionyeshe." Apake povu, aonyeshe mapovu, au aonyeshe mapovu kwenye maji ya mfuniko, au arudie nawe kile kipimo cha usiku wawili. Fundi mzuri hatakasirika. Nawafahamu mafundi wa biogesi ambao huanza kwa povu bila kuombwa, na hao ndio wa kuwapa kazi. Atakayekasirika kwa kuombwa uthibitisho, mpe chai, mshukuru, mwache aende.

Kituo cha nne: bandani

Ukifika hapa ukiwa umekagua vyote vya mbele, sasa tuzungumze kinyesi. Ndoo moja ya kinyesi kibichi kwa ndoo moja ya maji, ikorogwe hadi isiwe na mabonge. Ondoa majani, mawe na mchanga. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji. Maji ya kufulia yenye sabuni na dawa ya kuoshea banda visiingie, na kinyesi cha ng'ombe aliyepigwa sindano ya antibayotiki kikae kando siku za dawa. Vijidudu vinavyotengeneza gesi ni viumbe hai, na dawa ya kuua vijidudu haichagui.

Fanya hesabu pia. Kilo moja ya kinyesi cha ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi mtambo ukifanya kazi vizuri. Ndoo mbili za lita 20 ni kama kilo 40, yaani lita 1,600 hivi. Kichomeo kimoja hutumia takriban lita 400 kwa saa. Una saa nne za kichomeo kimoja kwa siku, au saa mbili za vichomeo viwili. Ukipika maharage saa tatu, ukachemsha maziwa na maji ya kuoga, gesi itakwisha, na hapo hakuna kilichoharibika. Umetumia zaidi ya ulichoweka. Loweka maharage usiku, funika sufuria, na hesabu itarudi kuwa sawa.

Wakati wa baridi hesabu hiyo hushuka. Vijidudu hupenda joto la karibu nyuzi 35, na udongo ukipoa hufanya kazi polepole. Changanya kinyesi mchana kwa maji yaliyokaa juani na ulishe kabla jua halijapoa. Usijaribu kufidia baridi kwa kurundika kinyesi, kama nilivyomshauri yule mama. Ukizidisha, tope hupita kabla halijatoa gesi yake, na mtambo unaweza kuchacha: harufu ya ukali, gesi yenye nguvu ya kutoka lakini isiyotaka kuwaka. Ukifika huko, acha kulisha siku kadhaa, kisha anza tena kidogo kidogo. Mama yule ilimchukua muda kurudi kwenye ndoo zake mbili, na kosa hilo naliandika kwa jina langu.

Nani afundishwe?

Nimalizie na jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Siku ya mafunzo, aliyeketi kwenye kiti na kusaini karatasi ya mahudhurio mara nyingi ni baba mwenye nyumba. Aliyekuwa jikoni akiwapikia wageni wa mafunzo ni mama. Kesho yake baba yuko shamba au mnadani, na anayeshika koki ni yule ambaye hakusikia neno. Mtego wa maji wa yule mama haukufunguliwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha ulipo. Mumewe alionyeshwa, akasahau. Sikatai akina baba wafundishwe, lakini anayepika na anayelisha mtambo wawe wa kwanza, na mafunzo yafanyikie pale mtegoni, kwa mikono yao, kuliko kwenye viti.

Na wewe uliyenunua mtungi, sikulaumu. Hata mimi ninao nyumbani. Lakini kama chini ya ua wako limelala kuba ulilolijenga kwa jasho, mpe huyo mgonjwa kipimo kabla hujamzika. Ukimwacha, unapoteza moto na unapoteza pia lile tope linalotoka, mbolea ambayo viazi na mboga zako zinaijua.

Anza leo jioni. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, uandike mambo matatu kila Jumamosi: geji inasoma ngapi, maji yaliyotoka mtegoni ni kiasi gani, na ndoo ngapi zimeingia. Jiko likizima siku moja, usinipigie kwanza. Fungua daftari, kagua vituo vinne, kisha nipigie ukiwa na namba mkononi. Nami naahidi kitu kimoja: nitasimamisha pikipiki kabla ya kukujibu.